Maombi ya Kufungua Mkutano

Kibera, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Marion,

Sasa wewe? Mgongo unaendeleaje, na watoto? Mimi na mwanangu Brandon tuko salama, ila wasiwasi tu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu imekufa kabisa. Rafiki yangu Hope atakuletea akitoka kuuza nguo soko la Toi.

Kuna kampuni inataka kujenga maghorofa hapa kwetu, kuanzia chumba changu hadi kibanda changu cha samaki. Irungu mwenye ploti atalipwa. Sisi wapangaji hatujatajwa. Jumamosi wanakuja kanisani kwetu kuchukua maoni ya wananchi kabla mradi upitishwe. Nikitolewa hapa sina pa kwenda, na ninaogopa.

Dadako,
Risper

Kawangware, mtaa wa Congo, 6 Machi

Dada Risper,

Mgongo ni ule ule, na watoto wanakula kana kwamba wameajiriwa kula. Nenda huo mkutano, na usijifiche nyuma na mama zako wa kwaya. Simama useme: hatukubali mpaka tuonyeshwe pa kuishi. Hapa kwetu walipoleta mkutano wa barabara tulikunywa soda, tukapiga makofi, na leo pale palipokuwa nyumba ya jirani yangu Waceke ni mtaro. Soda usiguse. Na usiwaonee haya, nakujua.

Mdogo wako,
Marion

Kibera, 11 Machi

Marion,

Natumaini umeamka vizuri. Soda sikunywa. Lakini kabla sijakaa chifu akaniona. "Mama Brandon, kuja utufungulie na maombi." Ungekataa vipi? Nikaomba vile huwa naomba. Nikashukuru kwa uhai, nikakaribisha wageni, nikasema Baba, bariki kazi ya mikono yao. Ndivyo tunavyoombea mgeni, awe nani.

Halafu kijana wao akaonyesha picha ukutani na kuongea Kizungu mpaka watoto wakalala. Nikainua mkono. Chifu akasema, "Mama, si ushaongea? Wachia wengine." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui nilicheka nini.

Dadako,
Risper

Kawangware, 13 Machi

Dada,

Mgongo wangu usiuulize leo. Nimekasirika mpaka nikaunguza ugali. Tangu lini kuomba ikawa kuongea? Rudi kwa chifu, mwambie uliomba, hukukubali. Nenda na wenzako. Tafadhali, dada, mara hii moja kuwa mkali.

Mdogo wako,
Marion

Kibera, 2 Mei

Marion,

Habari za siku nyingi, na watoto je? Nisamehe kwa kunyamaza. Nilienda na mama wa kwaya. Chifu alitupatia viti, akatutuma ofisi za mjini. Mjini wakatutuma kwa mtu wa kampuni. Mpole sana, hata chai alitupatia. Akatoa simu akanionyesha video. Ni mimi, macho nimefumba, mikono juu, na kanisa zima linaitikia Amina. Akasema, "Mama, hii ndiyo tuliwaonyesha wenye kupitisha mradi. Walifurahi sana."

Nikamwambia nilikuwa naomba tu. Akajibu, "Na Mungu alisikia." Alisema kwa heshima, Marion. Wamepitisha. Mvua ikiisha wanabomoa.

Dadako,
Risper

Kawangware, 5 Mei

Dada yangu,

Watoto wanakusalimia. Nimelia, kisha nikasogeza kabati. Chumba ni kimoja lakini tutabanana. Njoo na sufuria na jiko, kitanda mwachie Irungu.

Mdogo wako,
Marion

Kibera, 20 Juni

Marion,

Mgongo je? Mimi ni mzima. Walibomoa juzi, na tumelala kwa Hope. Kesho tunakuja.

Leo nilirudi kuchukua jiko langu, nikakuta hema na viti vyeupe pale kibanda kilipokuwa. Wanaweka jiwe la msingi. Nikaliokota, nikataka kupita tu. Chifu akaniona. "Mama Brandon, tufungulie."

Nilisimama na jiko mkononi, nikafumba macho. Maneno hayakuja. Watu wote wameinamisha vichwa, na mimi kimya. Nikanyamaza muda mrefu, nikawaza, sasa angalau wataelewa. Kisha mtu akasema Amina, wote wakaitikia, wakapiga makofi.

Kesho tukifika, chakula aombee mwingine.

Dadako,
Risper