Orodha Inayoanza na Mbili

Kwako yaya, kaka yangu mkubwa uliyelala kaburini hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale,

Duka letu la kuchapa hapa Rwekubo nalifungua peke yangu sasa. Kompyuta ni ileile tuliyoipata kwa maharage ya misimu mitatu, uliyoipakata kutoka Mbarara kama mtoto mchanga. Mimi nilijua hesabu, wewe ulijua mashine. Hakuna aliyetufadhili, na hilo uliwaambia wateja hata kabla hawajauliza.

Unamkumbuka yule mama muuza samaki aliyetoka Fizi? Alitaka orodha ya wanawe ya kupeleka ofisi ya kambi. Ukaandika saba, na ile programu ya kuandikia ikajipangia namba yenyewe pembeni. Kisha akakumbuka kwamba ofisi inataka walio hai tu, ukafuta jina la wa nne, aliyefia njiani tulipokimbia. Papo hapo wa tano akawa wa nne, wa sita akawa wa tano. Yule mama hakujua kusoma majina, lakini namba alizijua kuliko sisi. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Uyu ni wa tano. Mbona munamupatia fasi ya mwenzake?"

"Mama, mashine iko inajipanga yenyewe."

"Ilikuwako siku ya kuzaa?"

Ulicheka. Mimi sikucheka, maana kwetu aliyezaliwa wa nne ni wa nne hata kaburini, na anayemfuata harithi hesabu yake. Alipoondoka nikakuambia programu hii ina kosa.

"Mudogo, kosa ni mashine ikikataa kazi uliyoituma. Iyi imetii."

Nikasema jambo ambalo mtu hakulitegemea, likamuumiza, ni kosa, hata kama aliyeitengeneza programu alikusudia. Ukasema basi hata mvua ina kosa. Tulibishana mpaka tukafunga mlango, na kila mmoja akaenda kulala akijua ameshinda.

Kisha figo zako zikachoka. Tuliingia Mbarara kutafuta hospitali, watu wawili tukiwa tumekaa mbele. Nilirudi nyuma ya pikapu, nimeshika jeneza lisiteleze kwenye matuta.

Wiki hii ofisi imetaka orodha mpya za familia. Nikafungua ile ya zamani ya watoto wa mama yetu, uliyoiandika mwenyewe: wewe wa kwanza, mimi wa pili, dada zetu wa tatu na wa nne. Nikafuta jina lako. Nilijua itafanya nini, yaya. Kwa hoja yangu mwenyewe, basi, halikuwa kosa, kwa sababu nililitegemea. Lakini jina langu lilipopanda juu na kukaa palipokuwa pako, mikono ilikataa kuandika.

Mama yetu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nani amekufanya mukubwa?"

"Ni mashine, mama."

"Basi uiambie uko na yaya."

Nikazima ile hali ya kujipangia. Nikaandika namba moja moja kwa vidole vyangu: mbili, tatu, nne. Nikachapa, nikapeleka.

Karani akaigeuza karatasi, akatazama na nyuma. "Mzee, hii list yako iko na kosa. Namba moja iko wapi?"

"Haina kosa. Nimeiandika hivyo kusudi."

"Enda urekebishe. Bila hiyo, mama yako hapati mgao."

Hesabu ya unga uliobaki ndani naijua, na si nzuri. Kurekebisha ni kubonyeza mara moja tu, mashine itatii kama ulivyosema. Nimemwambia mama yote hayo. Amefunga kitenge chake vizuri, akasema tutakula kidogo kidogo, kesho niirudishe vilevile.

Kwa hiyo kesho naipeleka. Bado nasema programu ile ina kosa, yaya, na sina wa kunibishia.

Lala. Fasi yako hakuna aliyeikalia.

Mdogo wako,
wa pili.