Riwaya Iliyosukwa Saluni

Karakana ya Friji,
Nyuma ya Soko Kuu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute mzima kama zinavyotuacha sisi. Mgongo umepoa? Na baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi? Mimi hushinda nimeingiza kichwa ndani ya friji za watu, lakini baridi yangu ina swichi. Yako nasikia haina. Huku sote tu wazima. Mama mkwe ana kikohozi kidogo, ila hakijamzuia kusema, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu badala ya wa mdogo wako. Anasema akiandika habari hii mwenyewe itaonekana anajisifu. Mimi sina aibu hiyo. Mke ni wangu, nitamsifu mpaka karatasi iishe. Shemeji, mdogo wako ametoa kitabu! Riwaya nzima, yenye jalada, na jina lake juu kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Kabla ya kushika nakala ya kwanza nilinawa mikono mara mbili, isije ikapata grisi ya friji.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ukisubiri yeye akueleze utazeeka.

Ulipoondoka alikuwa anasuka watu kwenye kibaraza cha mama. Siku hizi ana saluni yake, na kati ya saluni hiyo na karakana yangu kuna ukuta wa mbao nyembamba tu. Mimi huku najaza gesi, yeye kule anasuka, na kila neno linanifikia. Asubuhi kabla ya kufungua huketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, akaandika. Mchana humsimulia mteja alichoandika, kana kwamba ni umbea wa mtaani. Na mtu anayesukwa hana pa kwenda, kichwa chake kimo mikononi mwa mwenye hadithi. Mistari ya kawaida ni sura moja. Rasta ndogondogo ni sura tatu na chai. Mteja akisinzia, sehemu ile inafutwa kesho yake. Akigeuza shingo ghafla na kuuliza, "Eh! Halafu?", inabaki.

Na hapo kwenye "halafu" ndipo anapokata uzi na kusema, "Haya, umependeza. Mengine ukirudi." Mtaa mzima ukamwita Bi Itaendelea. Wako waliokuja kufumua nywele zikiwa bado nzuri kabisa, mradi tu wajue kilichotokea.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni. Mumewe alitoka siku moja kwenda kununua kufuli, akapotea miaka na miaka. Halafu siku ya mvua kubwa anakuja kupiga hodi, kama mgeni anayetafuta chumba. Siku mdogo wako aliposimulia hodi hiyo kwa mara ya kwanza, alikuwa anamsuka karani wa benki. Mikono ikafuata hadithi, akili ikabaki mlangoni kwa yule mwanamke. Mistari ya kulia ikaelekea nyuma, ya kushoto ikaelekea mbele. Yeye hakuona, karani hakuona, na kioo kilikuwa mbele ya macho yao wote wawili!

Kesho yake karani akaja mbio. Mimi nikaweka bisibisi chini, nikajua leo patachimbika. Kumbe hakuja kwa ajili ya nywele. "Dada, sijala, sijalala. Alimfungulia au hakumfungulia?" Na wiki ile ile wakaja wengine wawili wanataka wasukwe mtindo wa karani.

Basi akaupeleka mswada kwa wachapishaji. Wa kwanza mpaka leo hawajajibu, nadhani nao wanasubiri mengine. Wa pili wakamwita ofisini. Nilimsindikiza nimevaa suti yangu ya harusi, ambayo siku hizi hufungika nikizuia pumzi. Mhariri ni mama mmoja mpole asiyepoteza maneno. Alisema kitabu amekipenda, na akataja mambo ya sura za katikati mpaka nikaona kweli amekisoma. Halafu akagusa karatasi ya mwisho.

"Hapa umeniacha nje, dada. Mwanamke anasikia hodi, kitabu kimekwisha. Mwisho uko wapi?"

Mke wangu akasema mwisho ndio huo.

"Hapo ndipo ulipoachia, sipo ulipomalizia. Niletee mwisho, tuchape. Bila mwisho siwezi."

Shemeji, mama yule alisema kweli, na ukweli ndio ulimuuma. Mdogo wako alikuwa hajawahi kumaliza hadithi hata moja. Ufundi wake wote ulikuwa kukatisha ili mtu arudi. Akaanza kutafuta mwisho kama mtu anayetafuta sindano. Kuna mmoja ambamo yule mume alifia mlangoni. Kuna mwingine ambamo nyumba iliungua, na mvua ilikuwa inanyesha! Huo niliucheka nikiwa upande wangu wa ukuta, akaninunia hata chai akaninyima. Mwishowe akaacha kuandika asubuhi. Akawa anasuka kimya, na mimi nikauchukia ukimya ule kuliko kelele zozote. Siku moja akaniambia, "Mume wangu, basi. Nilijaribu. Acha nibaki na vitana vyangu." Friji naweza kufungua nikaona kilichoharibika, lakini yeye ningemfungulia wapi?

Ndipo akaja nesi, mteja wake wa siku nyingi, anataka rasta za safari. Amepata kazi mbali sana, anahama na watoto na vyombo. Akakaa, akaomba hadithi yake kama kawaida. Mdogo wako akasimulia bila raha mpaka kwenye ile hodi, kisha akasema kwa mazoea, "Mengine ukirudi."

Nesi akasema, "Nirudi wapi? Mimi ndiyo naondoka hivyo, dada yangu. Nimalizie."

Nilizima kila kitu karakanani. Nikasikia kitana kikianguka, kikaokotwa. Halafu sauti yake ikaanza, polepole, bila mbwembwe zake zile. Yule mwanamke akafungua mlango. Akamtazama mumewe alivyolowa, akampa taulo, akamwambia aandikishe jina kama mgeni mwingine yeyote. Yaliyofuata sikwambii, utayasoma. Alipomaliza, nesi alijitazama kwenye kioo kwa muda, akafuta macho, akasema, "Haya. Sasa naweza kwenda." Mimi nilikuwa nyuma ya mbao nimekumbatia friji ya mtu, machozi yananitoka kama bomba lililopasuka.

Hakungoja asubuhi. Waliokuwa kwenye benchi aliwaambia wavumilie, akaketi, akaandika. Mhariri alipousoma mwisho huo akapiga simu: "Tunachapa."

Sasa huku hapakaliki. Mama mkwe anatembea na nakala yake mkobani, akikutana na mtu anaitoa kabla ya salamu. Anadai yule mwanamke mrembo mwenye nyumba ni yeye. Sisi wengine tunajua yeye ni yule jirani wa kitabuni anayesikiliza dirishani, lakini nani ana roho ya kumwambia? Karani wa benki naye amenunua cha kwake, na anamwonyesha kila mtu ukurasa wa hodi, akisema hapo ndipo kichwa chake kilipoharibiwa.

Nakala yako nimeifunga pamoja na barua hii. Ukiifungua, kabla ya sura ya kwanza utaona mstari mmoja peke yake: "Kwa dada yangu, aliyeondoka kabla hadithi haijaisha."

Sikuelewa, nikamuuliza. Akanieleza siku ya safari yako. Anasema alikuwa anakusuka kibarazani huku anakusimulia, gari likapiga honi, naye akaikata hadithi makusudi. Akakwambia, "Mengine ukirudi." Alikuwa binti mdogo, akaamini hiyo ndiyo kamba ya kukurudisha. Tangu hapo amewavuta wateja wote kwa kamba hiyo, wakarudi. Sikulaumu, Shemeji. Najua huko nako kuna kazi za watu na karatasi za uhamiaji. Nimekueleza ili ujue kwamba kitabu hiki kilianzia kichwani kwako.

Mama mkwe anakusalimu na kukuombea, na anasema ule vizuri. Kaka yenu mkubwa anakusalimu pamoja na mkewe, na shangazi, na mjomba wa duka la vipuri, ambaye hasomi vitabu lakini hiki amekisoma mpaka nyuma ya jalada. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na wa kukuchekesha siku za baridi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukutania,

Fundi Baridi

Dada, nimempokonya kalamu. Usimsikilize, nilicheka na mimi siku ile ya moto na mvua. Hadithi sasa nimekumalizia yote, hakuna nilichobakiza. Kwa hiyo ukija, uje kwa ajili yangu.