Kuku wa Pete ya Njano

Kibwezi, Jumatano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumai miguu imepunguza kuuma, na kwamba ile mvua iliyotupita hapa bila kusimama imefika Zombe. Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio hautulii. Nimesikia wakwe za dada Mwende wameleta mbuzi wa kumrudisha kwa mumewe, na baba mdogo amekubali mbuzi huyo achinjwe Jumamosi. Simu yako siku hizi hushikwa na baba mdogo, ndiyo maana naandika. Barua ataileta mama anayenunua ndengu hapo sokoni.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Usicheke. Nakaa kwenye stuli tangu asubuhi nikitazama kuku kumi na wawili, nikiandika nani amemdonoa nani. Daktari wa utafiti amewavalisha pete za rangi miguuni. Mwenye nyekundu hula kwanza na hakuna anayemgusa. Wa pili huwadonoa waliobaki, na hivyo hivyo mpaka chini, kwa yule wa pete ya njano. Huyo alidonolewa na wote, naye hakuwa na wa kumdonoa. Kichwa kilibaki nyama tupu.

Daktari aliposafiri nilimwonea huruma. Nikampeleka chumbani kwangu, nikampaka dawa ya zambarau, nikamlisha wimbi mkononi. Kwa wiki mbili akanenepa. Nikamrudisha kwa wenzake huku nikijisifu. Mwaitu, hata yule mnyonge aliyemzidi kidogo tu ndiye aliyemrukia wa kwanza. Hakukimbia. Aliingiza kichwa kwenye kona akanyamaza. Nilikwenda kuchota maji, na niliporudi alikuwa amekufa.

"Kanini, si ungeniuliza," daktari aliniambia aliporudi. "Ukimtoa, nafasi yake inafungwa. Ukimrudisha si ati anarudi pale alikuwa. Anakuja kama mgeni, na wote wanataka kumuonyesha mkubwa ni nani."

Sisemi watu ni kuku. Lakini mume wa Mwende yuko Mombasa, na kwenye boma lile kuna mama mkwe na wake watatu wa mashemeji. Mara ya kwanza alikuja na jino limevunjika, tukamuuguza, akarudi. Sasa amekuja na mkono umevunjika. Kwetu husemwa mbuzi akishaliwa maneno yamekwisha. Yamekwisha kwa walioshiba. Nakuomba, warudi na mbuzi wao akiwa hai, na baba mdogo akikasirika, anikasirikie mimi.

Msalimie shangazi anayesuka vyondo, na nyanya, umwambie bado nakula vizuri. Baba mdogo pia msalimie, ni mzazi wangu.

Mwende, najua ni wewe unayemsomea mama, maana macho yake hayaoni tena maandishi. Usiruke hapa. Ulipotoka na lile jino, ni mimi niliyekwambia urudi uvumilie. Nilikosea. Kitanda changu kinatosha watu wawili. Njoo kabla ya Jumamosi.

Mimi mwanao, na dada yako,
Kanini