Mbio za Baba Zimepita Ukutani Kwetu

Ha Sekhoele,
Semonkong, Lesotho.
16 Julai, 1998

Mpendwa Shangazi Nthatisi,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye theluji. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Sisi hatujambo. Mwanangu Sebabatso ameota meno mawili, anang'ata hata blanketi langu. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Shangazi, nataka uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Mbio za farasi za Baba zimefanyika, na Mama bado yuko katika nguo nyeusi za msiba.

Unajua kaka yako alivyozipenda. Kila msimu wa baridi alizunguka vijijini akiwasihi watu walete farasi. Tena alitaka telki tu, mwendo wa upesi usio na kuruka; farasi akipiga shoti, anatolewa. Vijana walimtania, "Mzee, hizi ni mbio au tunasindikiza bibi harusi?" Naye, "Shoti hata mbwa anaweza!"

Sasa baba mdogo Seabata akaja na wanaume wenzake, kofia mkononi, akasema mwaka huu tuziache kwa heshima ya marehemu. Nikajiuliza: Zikilala mara moja, nani ataziamsha?

Mama akasema, "Alikuwa kitandani hajiwezi, bado anauliza nani ataleta farasi. Kimbieni."

"Lakini shemeji, ukiwa katika nguo nyeusi huwezi kufika uwanjani."

"Kwani nimesema nakuja?"

Siku yenyewe nilibaki naye uani, mtoto mgongoni. Mara tukasikia kwato zinapanda. Wamegeuza njia bila kutuambia! Farasi wote wakapita kando ya ukuta wetu wa mawe, kwa telki, wapandaji wamevua kofia. Mama alifumba macho akisikiliza, kama Baba alivyokuwa akifanya kuutambua mwendo kwa mlio wa kwato. Ghafla akapaza sauti, "Huyo wa nyuma anapiga shoti! Mtoeni!"

Alikuwa baba mdogo.

"Shemeji, hata leo?"

"Leo ndiyo kabisa!"

Mama akacheka, Shangazi. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Sasa wapo wanaonong'ona kwamba mjane hapazi sauti namna ile. Wewe ndiye utakayemvua nguo nyeusi msiba ukiisha, na neno lako hakuna wa kulipinga. Nakuomba usimlaumu. Ukija, waambie wote kwamba mwakani atasimama uwanjani, pale alipokuwa akisimama Baba.

Wasalimie Moliehi na Tefo. Baba mdogo anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu salama.

Mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Puseletso