Nati Aliyoikaza Oresta

Dada Gaudensia,

Shikamoo. Usiitikie, nisije nikatupa kalamu nikakimbia mpaka Laela. Ni mimi mdogo wako Fulgensi. Nimekaa barazani kwako hapa Izia, jua la asubuhi linanipiga mgongoni, nimevaa lile sweta lako la kijani maana baridi ya mwaka huu haina adabu. Limenibana kidogo. Mabega yangu unayajua, ni ya mtu aliyewahi kupandisha Landrova kwenye mteremko wa Rukwa kwa kuisukuma peke yake, na ndani ina magunia.

Najua ungesemaje. "Punguza, Fulgensi." Miaka yote ulikuwa unapepeta ulezi wako, uso huinui, ungo juu ungo chini, mimi nasimulia, na ukiona yamezidi unatoa neno hilo moja tu. Haya, nimepunguza. Tulikuwa wawili na Landrova ilikuwa tupu.

Nyumba yako iko salama. Bati la jikoni nimelipigilia, halilii tena upepo ukivuma. Kaburi tumelijengea, vigae vyeupe, Oresta ndiye aliyechagua. Ulezi wa shamba lako mwaka huu ulitoka mzuri hivi kwamba shomoro wa hapa waliita ndugu zao wa Zambia waje kusaidia kula. Mashine yangu ya kusaga bado inanguruma, na wateja bado wananisikiliza wakisubiri unga, maana hawana pa kwenda.

Lakini sijakaa hapa kwa habari za shomoro. Nataka nikueleze ya mwanao.

Ulituacha Oresta ndiyo kwanza ameanza kujifunza ufundi wa ndege Dar es Salaam; sasa ni fundi kamili. Wale mashangazi waliouliza msichana gani anashika spana, sasa hivi ndege ikipita juu wanaipungia mkono kama ni yao. Basi mwaka jana akaniita nikamtembelee. Nilikwenda kwa basi, nikakaa, nikala samaki mpaka nikachoka, na siku ya kurudi akanishikisha tiketi ya ndege mpaka Mbeya. "Mjomba," akasema, "hii nimeikagua mwenyewe jana. Panda, ulale." Mimi nilale, dada, siku ya kwanza kupanda ndege?

Nikapewa kiti cha dirishani, injini ile pale, karibu ningeweza kuipa mkono. Pembeni yangu akakaa Msukuma mmoja mkubwa, Masanja, wale waliohamia na ng'ombe zao upande wa Laela. Alikuwa ametoka kupasuliwa jicho. Hilo moja lina pamba na plasta, lingine linatoa machozi tu. Aliposikia natoka Sumbawanga akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Mtani, nyie Wafipa si mna usafiri wenu wa usiku, wa ungo? Huku umefuata nini?" Nikamwambia nimekuja kuangalia kama hawa wenzetu wanaendesha vizuri. Tukawa marafiki papo hapo. Akaniomba, "Mimi sioni. Nitangazie ya nje."

Kuambiwa nitangaze, dada. Mimi.

Nikatangaza kama mtu wa mpira redioni. Sasa injini inazunguka. Sasa tunageuka. Sasa tunakimbia, nyasi zimekuwa mstari mmoja. Kumbe watu wa viti vya nyuma nao wakawa wanasikiliza. Tulipokuwa karibu kabisa kuiacha ardhi, nikasikia kishindo, nikasema, "Kumepasuka." Ndege ikatetemeka kama mashine yangu ikimeza jiwe. Nikasema, "Kumelowa, ubavuni, panamwagika." Halafu nikasema, "Panawaka." Masanja akasema, "Mfipa, nyamaza, hapo umezidisha." Sikuwa nimezidisha. Moto ulitoka kwenye ile injini mweupe na mwekundu, urefu wa... nitapunguza. Urefu wa mlango.

Rubani akakanyaga breki, matumbo yetu yote yakaenda mbele. Tukasimama. Wahudumu wakafungua mlango wa upande usio na moto, ukashuka mteremko wa mpira uliojaa upepo, tukateleza kama watoto. Nilimshika Masanja mkono mpaka chini. Gari za zimamoto zikaja na povu, na hakuna aliyeumia, isipokuwa mama mmoja aliyepoteza kiatu, nacho kikapatikana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mdogo wako alipoharibu.

Walitupeleka kwenye ukumbi, wakatupa soda. Watu wakanizunguka, maana nilikaa dirishani. Nikapewa soda ya pili. Dada, mtu wa soda mbili hawezi kusimulia habari ya soda moja. Nikajikuta nasema, "Mimi niliona mapema. Tangu tumesimama pale, kabla hatujaondoka, bomba lilikuwa linadondosha mafuta, to, to, to." Watu wakashika midomo. Nikaona imependeza, nikairudia.

Niliporudia mara ya tatu Oresta akaingia anakimbia, na ovaroli lake. Alinishika mabega, akanipapasa mikono, akanigeuza kama mtoto aliyeanguka mtini. Machozi yanamtoka. Kisha akasikia mtu mmoja anasema kwa nguvu, "Mzee huyu ameona, bomba la mafuta lilikuwa halijafungwa."

Uso wake ukabadilika, dada, ukawa uso wako ile siku ya msiba wa baba. Akanisogeza pembeni. "Mjomba, hilo bomba nimelifunga mimi jana. Nati yake nimeikaza kwa mkono wangu."

Nikamwambia, basi nitasema sikuona kitu kabisa, nitasema nilikuwa nimelala. Akatikisa kichwa. "Usinitetee. Sema ulichokiona." Hapo ndipo nilipojua umemlea wewe.

Jioni ile ile alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Alilivua lile ovaroli akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati, akapika ugali, tukala hatuongei. Mimi, dada, nikala bila kuongea. Ungekuwepo ungeniitia daktari.

Kesho yake wachunguzi wakaniita, na Masanja pia. Chumba kina baridi kuliko Izia mwezi wa saba. Mkubwa wao, baba mmoja mpole mwenye miwani, akanieleza kinachotafutwa. Kama mafuta yalianza kuvuja kwanza, basi bomba halikufungwa sawasawa, na aliyelifunga ana jambo la kujibu. Kama kishindo ndicho kilitangulia, basi kuna kitu kingine kilivunjika ndani.

Nikaeleza. Kishindo, mtetemeko, kulowa, moto. Niliongea taratibu kama nahesabu mayai. Kila neno lilipotaka kuja na mwenzake nikalirudisha. Hakuna Mfipa aliyewahi kusema ukweli mwembamba namna ile, nakuambia, ungelia.

Yule baba akavua miwani. "Lakini jana ukumbini watu wengi wamekusikia ukisema mafuta yalidondoka tangu mmesimama."

Nikamjibu, "Jana nilikuwa nasimulia, mzee. Leo natoa ushahidi."

Hakucheka. Akaandika, na nilivyoona anavyoandika nikajua haniamini, na kwa nini aniamini. Hapo nikamwona Oresta na spana zake zinauzwa, anarudi Sumbawanga kukaa na mimi, mashangazi wanakuja kumpa pole za uongo.

Ndipo Masanja akakohoa. Alikuwa kwenye kona, jicho na plasta yake. Akasema, nakukariria kama alivyosema, "Mkubwa, huyu mtani wangu ni mwongo. Wafipa wote ni waongo, na huyu ndiye mwenyekiti wao. Lakini mimi sikuwa naona, nilimwomba anitangazie. Na alipokuwa anatangaza hakuwa na nafasi ya kutunga, mambo yalikuwa yanamkimbiza. Tangu tumesimama hakutaja mafuta. Alisema kumepasuka, halafu akasema kumelowa, halafu panawaka. Kwa mpangilio huo. Nikamwambia anyamaze. Waulize waliokaa nyuma yetu, walimsikia, maana haongei polepole."

Wakawauliza. Walimsikia wote, yaani walinisikia mimi. Mmoja alisema sauti yangu ilimsumbua kuliko injini.

Mambo hayo hayakwisha siku hiyo. Oresta alikaa miezi nyumbani. Wachunguzi waliifungua injini kipande kwa kipande, na majibu yalipotoka alikuja mwenyewe kunieleza, pale pale kwenye mashine yangu. Alinifungulia kinu akanionesha nyundo zinazoponda mahindi. Akasema, ndani ya injini ya ndege kuna vyuma bapa vingi vinazunguka kwenye moto, kama mapanga ya feni. Kimoja kilikuwa na ufa ndani ya chuma chenyewe, tangu kilipotengenezwa kiwandani, jicho la mtu haliwezi kuuona. Siku hiyo kikakatika. Hicho ndicho kishindo. Vilivyobaki vikazunguka vimeegemea upande mmoja, kama mashine yangu ilivyofanya ile siku nyundo moja ilipotoka na ukuta ukapasuka, unakumbuka, ulitoka umejaa unga kama mzuka, umejifunika kitenge mdomoni unacheka. Injini ikatikisika hivyo hivyo, bomba likapasuka, mafuta yakamwagikia chuma cha moto.

Nikamuuliza, na nati yako? Akasema, "Imekutwa imekaza vilevile, mjomba. Bomba lilipasuka pembeni yake."

Nimezunguka Sumbawanga nzima na habari ya hiyo nati. Sokoni wanaijua, stendi wanaijua, padre anaijua. Oresta ananiambia wachunguzi wangeigundua hata bila mimi, maana vyuma vyenyewe vinasema. Inawezekana. Simbishii, maana vyuma havikunywa soda mbili.

Amerudishwa kazini. Masanja ameshakuja hapa mara mbili na maziwa, jicho limepona, na amesema sasa akiniona vizuri anajuta. Tumekunywa pombe yetu ya kimpumu, tumekutaja. Siku zimekuwa njema, dada. Sikudanganyi, nacheka zaidi kuliko nilivyotarajia bila wewe.

Kimebaki kitu kimoja. Tangu arudi, Oresta anafanya kazi zote isipokuwa kuweka saini kwamba ndege iko tayari. Anamwachia mwenzake. Ameniambia juzi, kwa simu, kwamba akishika kalamu anatuona sisi tukiteleza kwenye ule mpira. Akaniuliza kama mtego, "Wewe mjomba ungepanda tena?"

Kila mtu hapa Izia nimemwambia nimepanda ndege inayowaka na sikupepesa jicho. Wewe nakuambia peke yako: naogopa. Nikisikia mashine yangu inaanza asubuhi, natoka nje kwanza. Lakini nilimjibu papo hapo, nikamwambia weka saini, unipigie, mimi nitakuja Dar kwa basi na nitarudi na ndege hiyo hiyo utakayoisaini.

Jana amepiga. Atasaini, na safari ni Jumatatu.

Basi pumzika, dada yangu. Sweta lako naondoka nalo. Nakuahidi nitaomba kiti cha dirishani, upande wa injini, na Oresta akisimama chini kututazama tunavyoondoka, atauona uso wangu pale kwenye kioo, umetulia.

Mdogo wako,
Fulgensi