Tangi la Tatu, Osha

Njeru,

Nakuandikia nikiwa hapa Karurumo, kwenye meza yetu ya mguu mfupi. Kile kipande cha tofali bado kiko chini yake. Mama yako yuko salama. Aligawa nguo zako, na koti la kijani likanifikia mimi. Linanibana, lakini navaa.

Sasa habari ya ubishi wetu. Ulituacha katikati. Ule mfumo mdogo tulioitengenezea kompyuta kuukuu ya kiwanda cha kahawa ulikuwa tayari, isipokuwa jambo moja: lugha ambayo watu wangeuamuru nayo ufungue na kufunga maji ya matangi ya kuoshea kahawa. Wewe ulitaka Forth, mimi Lua. Kompyuta yenyewe haikuwa na nafasi ya zote mbili. Nilikuambia lugha yako inaongea kinyumenyume, namba mbele, kazi nyuma. Ukacheka tu: "Wewe Ireri umesomea kwenye simu. Ngoja." Nikangoja. Ukafa. Hiyo si njia ya kumaliza ubishi, rafiki yangu.

Basi nikashinda, maana mpinzani hakuwepo. Nikaweka Lua. Kazi yako ilibaki kwenye diski moja tu, na nilipanga kuifuta mambo yakishatulia. Sijivunii.

Siku ya majaribio nilimketisha Wawira, yule msimamizi wa matangi, mbele ya kompyuta. Nikamwelekeza asubuhi nzima: kwanza kazi, halafu namba ya tangi ndani ya mabano. Akaitikia vizuri. Kahawa ya kwanza ilipoingia, akaandika tatu, kisha osha. Mashine ikakataa. Akarudia. Ikakataa.

"Ireri, hii kitu yako haina masikio? Nimeiambia tatu, osha."

Nikamwambia ameanza na mkia. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mchungaji. "Hapa hakuna mtu huanza na kazi. Ukisema osha, watu sita wanaacha walichoshika."

Nikatoka nje, nikasimama karibu na mashine ya kumenya kahawa, pale kelele inapomeza sauti, nikasikiliza. "Tano." Mtu wa tangi la tano akainua kichwa, yeye peke yake. "Funga." Akafunga, na wengine hawakugeuka hata.

Njeru, wewe ulifanya kazi pale misimu minne kabla hatujajuana. Ulijua. Si ungeniambia tu.

Nikarudi ndani, nikaitoa Lua, nikaweka yako. Wawira akaandika mara moja, maji yakaja, akaenda zake bila hata kunitazama. Kwake hakukuwa na muujiza wowote.

Kisha nikafungua faili lako nione ulifika wapi. Ile amri ya kusimamisha kila kitu hukuimaliza. Juu yake uliacha mstari mmoja ambao mashine huuruka, wa kusomwa na watu tu: "Ireri atasema hii ni kinyume. Mwacheni, atazoea."

Nilienda kunawa uso.

Nimezoea, Njeru. Pumzika sasa. Hiyo amri nitaimalizia mimi, fupi kama ulivyopenda, kabla kahawa haijaiva yote. Na mstari wako hautafutwa na mtu, mimi nikiwa hai na hiyo kompyuta ikiendelea kuwaka.

Ni mimi, ndani ya koti lako,
Ireri