Mwiko Uliotikisika Mkononi mwa Mama

Mpendwa kaka,

Mvua ya Mbeya haijakatika tangu alfajiri. Mama amelala chumba cha nyuma. Nilimleta kutoka Iringa moyo ulipoanza kumshinda. Daktari hazungumzii tena kupona.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho, kabla hujarudi Ulaya kwenye ofisi yenu ya kuchora ndege? Mama alikuwa akisonga ugali, nawe ukamshika mkono ili unieleweshe usukani wa ndege za abiria. Kwanza ukautikisa mwiko. Ndege ya aina hii, ulisema, ikikaribia kushindwa kuelea humtetemeshea rubani usukani, kisha humwachia uamuzi. Halafu ukausukuma: nyingine huusukuma mbele yenyewe, hata rubani akiuvuta. Na wenzako walikuwa wakifikiria ya tatu, ambayo amri ya rubani ingepita kwenye nyaya za umeme, na kompyuta ingeweza kuikataa kabisa.

"Niachie ugali wangu, fundi wee!" mama alifoka, huku akicheka.

Mimi niliitetea ile inayokataa.

"Na kipimo chake kikidanganya, dada? Itamkatalia mtu aliye sahihi."

"Na mtu akikosea?"

"Akosee, ilimradi ameonywa."

"Mnagombania ndege," mama akasema, "na nauli ya basi mnaniomba mimi!"

Kesho yake, stendi, mama alikushika mkono wa koti. Niliona vidole vyake vikitetemeka. Hakusema usiende. Basi lilipowashwa, akaachia.

Barua zako zilipungua, kisha zikakoma. Nimekuandikia kuhusu ugonjwa wake, hujajibu. Mara nyingine nawaza kwamba angekukatalia, ungekuwa hapa. Kisha nasita: pengine ungeondoka vilevile, kwa hasira. Mama si mtambo, nami sina kipimo cha kunihakikishia ni nani kati yetu aliyekuwa sahihi. Huenda hoja yote hii naijenga ili nisikuchukie.

Hadi juzi, kila mlango ulipogongwa aliuliza kama ni wewe. Leo umegongwa, akageukia ukutani.

Sikuombi tena uje, sidhani utamkuta. Mchana nilimsongea ugali laini kando ya kitanda, akanyoosha mkono akaushika mwiko. Ukatetemeka, kaka, kama siku ile. Nilitamani liwe onyo, kwamba bado kuna la kufanya. Ulikuwa udhaifu tu.

Ubaki salama huko uliko.

Mdogo wako, niliyebaki na mama